Meno ya Mkaza Mwana

"Fungua kinywa," alisema Bi Zuleikha.

Mwanatumu alidhani amesikia vibaya. Alikuwa amechutama mbele ya jiko akigeuza mkate wa anjera, kitambaa mkononi, moshi machoni. Nyuma yake mavyaa yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, simu kaishika kwa mikono miwili, na mlangoni alisimama Zakiya, jirani yao, aliyekuja kuazima kinu akasahau kilichomleta.

"Fungua, mwanangu. Hatukuli."

Balaa lote lilianzia kwenye ile simu. Layla, mpwa wa Bi Zuleikha aliyeko Ulaya, alikuwa ametuma ujumbe wa sauti, na Bi Zuleikha alikwisha kuusikiliza mara nyingi hata akajua pa kuuanzishia. Aliubonyeza tena ili Zakiya naye asikie, Layla akisema kwa lahaja yao ya visiwani, ambayo mtu ni mchu na mtoto ni mchoto.

"Shangazi, yale madini meusi waliyokuwa wakiziba nayo wachu meno zamani, huku kwetu wanayatoa. Wanatia meupe, yanafanana na jino lenyewe, huwezi kujua. Yale ya zamani yana zebaki ndani, Shangazi, ile inayopanda na kushuka kwenye kipimo cha homa. Ni sumu. Mwanamke akilala nayo kinywani anaimeza kidogo kidogo, inateremka mpaka kwenye kizazi. Mimi sisemi kitu. Lakini mtazameni Mwanatumu."

Mwanatumu alifungua kinywa. Afanyeje? Bi Zuleikha akawasha taa ya simu, akamvuta shavu kwa kidole chenye harufu ya kitunguu, akamgeuza kichwa huku na huku. "Hili. Na hili. Na lile la nyuma kule. Subhanallah! Zakiya, njoo uone mwenyewe. Kama duka la vyuma."

Zakiya alikuja akaona. Anjera ikaungua. Mate yalimjaa Mwanatumu yakaanza kumdondoka kidevuni, naye akawaza kuwa hata punda hukaguliwa meno siku anayonunuliwa tu, na yeye alikuwa ndani ya nyumba hii mwaka wa saba.

Badi, mumewe, aliingia wakati huo kutoka bandarini, mikono myeusi kwa mafuta ya mashine za boti anazotengeneza. Mama yake akamweleza yote upya, kuanzia Ulaya mpaka kwenye kizazi. Badi alimtazama mkewe aliyekuwa akijifuta kidevu kwa pindo la leso, kisha akatazama ndoo ya maji.

"Kama ni meno, si yatolewe," alisema, akaomba sabuni.

Mimba tatu zilikuwa zimemtoka Mwanatumu. Ya kwanza watu walimpa pole. Ya pili walimpa dawa. Ya tatu walinyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikomuumiza zaidi, kwa kuwa siku moja msibani alimsikia mwanamke akimnong'oneza mwenzake kwamba tumbo la mke wa Badi ni makaburi. Na kila mara mambo yalikwenda vilevile: akisema tu kuwa ana mimba, Bi Zuleikha hutoa sadaka, hupiga simu kisiwani Chula kwa ndugu zake, nyumba hujaa kicheko na halwa, na kabla sahani hazijarudishwa kwa wenyewe, mtoto keshakwenda.

Sasa alikuwa na mimba ya nne. Hakumwambia mtu. Aliifunika kwa buibui na kwa kazi, akabeba maji kama kawaida, akatapika chooni bomba likiwa wazi ili asisikike. Jambo moja tu lilikuwa jipya. Tangu mimba hii ishike alikuwa akiamka na ladha ya chuma ulimini, kama mtu aliyelala na ufunguo mdomoni. Hakuwa ameipa maana. Jioni ile, Layla akiwa bado anasema ndani ya simu, ladha ile ilipata maana.

Inateremka, alisema Layla. Mpaka kwenye kizazi.

*

Walianzia hospitalini. Daktari wa meno aliitwa Fahad, kijana mpole aliyesomea Mombasa na ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado na lafudhi ya huko. Alimlaza Mwanatumu kitini, akamtia kioo kidogo kinywani, akagonga jino moja baada ya jingine.

"Hili linauma?"

"Haliumi."

"Hili? Na hili ukinywa maji baridi?"

"Hapana."

"Nani alikuziba?"

"Kambini, Kenya, tulipokimbia vita. Nilikuwa mtoto. Walikuja madaktari wageni."

"Walijua kazi yao." Akamgeukia Bi Zuleikha, aliyekuwa amesimama pembeni na mkoba kifuani, keshamweleza habari za mimba tatu zilizotoka. "Mama, meno haya hayana neno. Yamezibwa vizuri na yametulia. Jino lililotulia ukilichokonoa unalitafutia maradhi ambayo halikuwa nayo."

"Na zebaki?"

"Imo. Lakini imeshikana na madini mengine, imekuwa jiwe. Vumbi lake ndilo la kuogopa, wakati wa kulichonga. Kama ni mimba zinazotoka, si meno haya sababu yake. Mpelekeni kwa daktari wa wanawake." Kisha akakiweka kioo chini na kumwinamia Mwanatumu. "Una mimba sasa hivi? Kwa sababu kama unayo, hata ungenilipa dhahabu nisingeyagusa."

Mwanatumu alifungua midomo. Neno lilikuwa pale, limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Lakini Bi Zuleikha aliwahi kucheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Mimba! Angekuwa nayo, daktari, sisi hapa tungekuja kutafuta nini?"

Daktari hakumtazama mama. Alibaki akimtazama Mwanatumu, akingoja. Mwanatumu alivitazama viatu vyake.

"Sina," alisema.

Njiani Bi Zuleikha alikwenda haraka, buibui likipeperuka. "Kijana mdogo yule. Ndevu hazijamjaa, atajua nini cha vizazi? Asiyetaka kazi hakosi neno." Na alipoona mkaza mwana wake kimya, alilegeza sauti. "Mimi si adui yako, Mwanatumu. Nataka nimwone mchu akiniita bibi kabla macho hayajafumba. Je, ni dhambi?"

"Si dhambi, mama."

*

Badi alimkuta mkewe chumbani alasiri, anakunja nguo. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akachukua shati lililokwisha kukunjwa, akalikunjua, akaanza kulikunja upya vibaya.

"Mama amesema na watu wa kisiwa cha Kudhaa," alisema.

"Watu gani?"

"Wana binti wa kuolewa."

Mwanatumu aliendelea na kanzu aliyokuwa nayo mkononi. Aliinyoosha mikono yake miwili, akaikunja kwa ndani, akaiweka juu ya nyingine. "Na wewe umesema nini?"

"Nimesema tungoje. Tuone kwanza hili la meno."

Alilisema hilo kama mtu anayetoa zawadi. Mwanatumu alitaka kumchukia ikamshinda, kwa sababu Badi ndiye aliyechimba kwa mikono yake uani na kumzika yule wa tatu, kamfunga ndani ya fulana yake mwenyewe, na tangu siku hiyo hajapata kulitaja jambo lile hata mara moja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayesubiri mambo yapite.

"Kuna fundi nyuma ya soko," alisema. "Hussni. Anatia haya meupe. Pesa Layla ametuma. Tuyatoe, Mwanatumu, mama asiwe na neno tena. Tupumue."

Kwa mara nyingine Mwanatumu alitaka kusema. Angesema tu: Badi, nimeshika mimba. Badi angefurahi, angeshindwa kujizuia, angemwambia mama yake kabla ya magharibi, na asubuhi Chula nzima ingejua. Kisha ingekuwa kama zile nyingine. Na ule ufunguo ulikuwa bado mdomoni mwake, mchungu, baridi. Je, kama Layla alisema kweli? Je, kama yule daktari hajui, na kila siku anayongoja mtoto anakunywa sumu ya mama yake?

"Tukayatoe," alisema. Na alilisema kwa moyo wake wote.

*

Chumba cha Hussni hakikuwa na dirisha. Mbele alikuwa na kabati la kioo lenye meno ya bandia yamepangwa yanacheka bila nyuso, maana kazi yake ya zamani ilikuwa hiyo, kuwatengenezea wazee meno ya kuvaa. Mashine ya kuchongea na kijitaa cha buluu cha kukaushia dawa nyeupe alivinunua baadaye, na alivionyesha kwa maringo kama mtu anayeonyesha gari.

"Meupe kama lulu," alimwambia Bi Zuleikha. "Hata mumewe hatajua lipi la Mungu na lipi langu."

Hakuuliza kama jino linauma. Hakuuliza chochote. Alimchoma sindano ya ganzi, akangoja kidogo huku akizungumza na mtu kwenye simu, kisha akaanza.

Mwanatumu alishika mbao za kiti. Mashine ililia, na jino likatoa harufu ya pembe inayoungua. Unga wa kijivu ulimwagika juu ya ulimi wake, mchanga mchanga, na hapo ndipo alipokumbuka neno la daktari: vumbi ndilo la kuogopa. Akaziba koo kwa ulimi asimeze hata chembe, akapumua kwa pua, machozi yakimchirizika mpaka masikioni. Kila Hussni alipompa mkebe ateme, alitema kama anayetaka kutoa roho. Bi Zuleikha aliketi mlangoni akivuta tasbihi.

Meno ya juu yalikwenda salama. Kijitaa kikawaka buluu, kikazimika, na Hussni akampa kioo ajitazame. Kweli yalikuwa meupe. Kisha akageukia gego la chini, lile lenye madini mengi kuliko yote, akachimba, akazidi kuchimba, na ghafla kitu kama umeme kilimpiga Mwanatumu kutoka jinoni mpaka sikioni, kana kwamba hakuchomwa ganzi. Alipiga kelele. Alipotema, mkebe ulijaa damu.

"Kidogo tu," alisema Hussni, lakini uso wake ulikuwa umebadilika. "Limekwenda ndani kidogo."

Papo hapo jenereta ya jirani iliyompa umeme ikazimika. Giza likawafunika. Hussni alitukana, akatafuta pamba kwa mkono, akaisokomeza ndani ya shimo. "Njooni kesho. Hili lataka kutulia."

"Kesho kuna nini?" alisema Bi Zuleikha gizani. "Limalize leo, baba. Tumeshakuja."

Walingoja. Umeme uliporudi, Hussni alitoa ile pamba yenye damu, akapuliza mara moja, akaliziba jino juu kwa juu, kama anayepaka chokaa ukuta unaovuja.

*

Siku ya kwanza nyumba ilikuwa na raha. Bi Zuleikha alimwita Zakiya, akamshika Mwanatumu kidevu na kumfunua midomo kama pazia. "Tazama mkaza mwana wangu! Meno kama ya mchoto." Alimpikia mwenyewe samaki wa kuchemsha, laini, akamchambulia miba. Mwanatumu alikula upande mmoja.

Siku ya pili gego lilianza kupiga, taratibu, kwa mapigo ya moyo. Badi alimpigia Hussni, naye akasema ni kawaida, akataja vidonge vya kununua. Badi alivinunua, akamletea mkewe na maji.

Mwanatumu alivitazama vile vidonge vya rangi mbili kwenye kiganja. Mimba ya tatu ilitoka baada ya kunywa dawa za homa, hilo hakulisahau. Akavitia mdomoni, akanywa maji, akageuka ukutani, na Badi alipotoka akavitema kwenye pindo la leso na kulifunga fundo. Akafanya hivyo kila vilipoletwa.

"Umekunywa dawa?" Bi Zuleikha aliuliza.

"Nimekunywa."

"Mbona shavu halipungui?"

Shavu lilizidi. Lilijaa mpaka jicho likawa dogo, kisha uvimbe ukateremka chini ya kidevu, mgumu kama ubao. Bi Zuleikha alimkanda kwa maji ya chumvi, akamsomea, akampaka mafuta, akakesha akimpepea. Homa ikapanda. Kinywa kikaanza kufunga. Kwanza hakuweza kutia kijiko, kisha hakuweza kutia hata ncha ya kidole. Asubuhi Badi alimkuta ameketi wima kitandani, shingo kainyoosha mbele, mate yakimtiririka kwenye kifua kwa kuwa hayamezeki, na kila pumzi ikitoa mkoromo.

"Mama," aliita, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mama, huyu hapumui vizuri."

Sasa Mwanatumu alitaka kusema. Sasa neno lote lilikuwa tayari, halikuwa na haya wala hofu. Alimshika Badi mkono akajaribu, lakini ulimi ulikuwa umenyanyuliwa na uvimbe mpaka kwenye paa la kinywa, na kilichotoka kilikuwa mngurumo tu.

"Nyamaza, usiseme," Badi alimwambia. "Tunakwenda. Tunakwenda sasa hivi."

Bajaji ilisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Askari alimtaka mwanamke afunue uso. Badi akasema kwa Kisomali kuwa ni mgonjwa. Askari akasema wote husema hivyo. Bi Zuleikha, ambaye hajapata kuvumilia mwanamume wa kando autazame uso wa mkaza mwana wake, aliivuta nikabu kwa mkono wake mwenyewe. Askari alitazama mara moja tu, akarudi nyuma, akawapungia mkono waende.

*

Daktari Fahad alimtambua kwa macho, maana uso haukutambulika.

"Nani kayagusa?" aliuliza. Badi na mama yake walitazamana. "Nani kayagusa meno haya?"

"Fundi," alisema Badi.

"Anakunywa dawa gani?"

Badi alizitaja. Daktari akatikisa kichwa: mtu aliyekunywa dawa hizo hafiki hapa kwa upesi namna hii. Muuguzi alikuwa akimvua Mwanatumu leso ili amsikilize kifua, na lile fundo likafunguka. Vidonge vilianguka sakafuni vikaviringika mpaka miguuni pa Bi Zuleikha, vingine vizima, vingine vimelegea kwa mate na kushikana.

Bi Zuleikha aliinama akaokota kimoja. "Kwa nini?" alisema. "Mwanatumu, mwanangu, kwa nini?"

Mwanatumu hakuwa na ulimi wa kujibu. Alinyoosha mkono, akaushika mkono wa mavyaa yake, ule uliokuwa na kidonge, akauvuta mpaka juu ya tumbo lake, chini ya kitovu, akaubana hapo kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Bi Zuleikha aliutazama mkono wake.  Kisha akakaa chini, palepale katikati ya vidonge, bila kutandika kitu.

"Nikingoja, koo litafunga," Daktari Fahad alimwambia Badi. "Na siwezi kumlaza usingizi, atakata pumzi. Nitamchana akiwa ameketi, kwa ganzi tu. Wewe utamshika kichwa."

"Na mtoto?"

"Kwanza mama yake apumue."

Badi alimshika. Alisimama nyuma ya kiti, akakiweka kichwa cha mkewe kwenye tumbo lake, mikono yake yenye weusi wa mafuta usiotoka ikiwa imeyabana masikio yote mawili. Mwanatumu aliona dari. Aliusikia wembe kama sauti zaidi kuliko maumivu, kisha kitu cha moto na chenye uvundo kikamwagika shingoni, na Badi juu yake akawa anasema jina lake tu, bila kukoma. Gego lilitoka pia, na kile cheupe bado kimebandikwa juu yake, kisafi kabisa.

Na pumzi ikaingia.

*

Mtoto alishikilia tumboni siku chache tu. Kisha Mwanatumu alihisi mgongo ukimkata, akajua, kwa kuwa njia hii aliifahamu. Hakumwita mtu mpaka yalipokwisha.

Daktari Fahad alikuja akaketi kando ya kitanda. Alisema homa ile na usaha ule uliokwisha kuingia kwenye damu ndivyo vilivyomchukua mtoto.

"Na zebaki?" Mwanatumu aliuliza. Sauti ilikuwa ya kukwaruza. Chini ya kidevu alikuwa na mpira mdogo unaotoa uchafu. "Nilikuwa nikiisikia. Kila nikiamka, ladha ya chuma. Kabla ya yote haya."

Daktari aliinamisha macho. "Ladha hiyo wajawazito wengi huisikia, dada yangu. Haikuwa meno. Ilikuwa mimba yenyewe."

Mwanatumu aligeuza uso ukutani. Alilia bila kufungua kinywa, kwa kuwa hakikufunguka.

Baadaye kidogo daktari aliuliza, kwa sauti ya chini, "Hizo tatu za mwanzo. Kuna aliyewahi kuwapima damu? Wewe na mumeo?"

"Mume?" alisema Badi aliyekuwa dirishani.

"Mume pia. Kuna damu za mke na mume zisizopatana. Kuna maradhi yanayojificha kwa mmoja yakamdhuru mwenzake. Si lazima liwe la mwanamke." Akasimama. "Vipimo vipo hapahapa. Hamkuja kuuliza tu."

 Badi aliitia mikono yake mifukoni.

*

Wanawake walikuja kutoa pole. Waliketi kwenye mikeka kuzunguka godoro alilolazwa Mwanatumu, bendeji shingoni, na Bi Zuleikha akawamiminia kahawa. Mwanzoni walizungumza mambo ya kadari. Kisha, kama ilivyo desturi ya vikao vya pole, wakataka kujua ilikuwaje.

"Madini yale yalichelewa kutoka," alisema Bi Zuleikha. Macho yake yalikuwa mekundu, na alilisema hilo kama mtu anayening'inia kwenye kamba. "Zebaki ilikwisha kuteremka. Yangetoka mapema, mwanetu tungekuwa naye."

Wanawake wakatikisa vichwa. Zakiya alisogea karibu. "Dada, na mimi binti yangu anayo kama yale, mawili, alizibwa hukohuko kambini. Na harusi yake iko karibu. Naogopa yasije yakamfika haya. Huyo fundi yuko wapi hasa?"

"Ukipita soko la samaki," Bi Zuleikha alianza, "kuna duka la mashuka, mkono wa kulia..."

"Usimpeleke."

Waligeuka. Mwanatumu alikuwa ameinuka kwa kiwiko. Kila neno lilimtoka kwa kuvutwa.

"Usimpeleke, Zakiya. Meno yangu hayakuwa na kitu. Daktari alisema, mama akiwapo. Na mimi nilikuwa na mimba siku hiyohiyo, nikasema sina. Nikapewa dawa, nikatema. Mwanangu hakufa kwa zebaki. Alikufa kwa sababu niliogopa kusema kuwa yupo."

"Uliogopa nini, mwanangu?" aliuliza mwanamke mmoja mzee.

Mwanatumu hakumtazama yeye. Bi Zuleikha aliliweka chini birika la kahawa.

"Uliniogopa mimi," alisema.

Wanawake wote walimwangalia mkaza mwana, wakingoja akane, kwa maana ndivyo adabu inavyotaka: akane, aape, amtake radhi, mambo yafunikwe. Mwanatumu alikitafuta cha kukana hakukiona.

"Ndiyo, mama," alisema.

 Bi Zuleikha alianza kukusanya vikombe, kimoja baada ya kingine, hata vya wale ambao hawakumaliza. Kazi hiyo hakuifanya tangu Mwanatumu aolewe nyumbani humo. Alipofika kwa Zakiya alisimama, sinia mkononi.

"Mimi nami walinitoka wawili wa mwanzo, kule Chula," alisema. "Kabla ya Badi. Waliniambia ni pepo wa bahari. Nikanywa makombe ya aya mpaka nikachoka. Hakuna aliyeniambia nenda ukapimwe." Akakichukua kikombe cha Zakiya, akakiweka juu ya sinia. "Usimpeleke mwanao, Zakiya."

Akaingia jikoni. Walimsikia akisoma innalillahi, tena na tena, kwa sauti ndogo, huku maji yakimwagika kwenye beseni bila kuosha kitu.

*

Asubuhi Badi alivaa shati safi. Alisimama mlangoni mwa chumba, akarekebisha vifungo vilivyokuwa vimekwisha kufungwa.

"Watu wa Kudhaa nimewapelekea salamu," alisema. "Wasitungoje."

Mwanatumu alikuwa akinywa uji kwa kijiko cha mtoto, taratibu, kwenye upenyo mdogo uliokuwa umeanza kufunguka. Alichota kijiko kingine.

"Jitayarishe. Bajaji inakuja. Twende tukapimwe."

"Nani?"

"Sisi. Wote wawili. Kama alivyosema daktari."

Alikiweka kijiko bakulini. Alimtazama mumewe tangu kofia mpaka viatu, bila hasira, kama anayemtazama mtu aliyemjua zamani akaja kubisha hodi.

"Nenda wewe kwanza," alisema.

"Peke yangu?"

"Mimi nimeshachunguzwa, Badi. Nimeshafunuliwa mbele za watu, nimechimbwa, nimepasuliwa. Kila kilichotafutwa nyumba hii kimetafutwa ndani yangu mimi. Nenda wewe nawe, wakutazame. Ukirudi, nitakwenda."

 Badi alishika kizingiti, akakikwaruza kwa ukucha mweusi. Bajaji ilipiga honi nje, ikapiga tena. Alivua kofia, akaivaa, akatoka.

Uani Mwanatumu alimsikia mavyaa yake akiuliza, "Wenda wapi mapema hivi?"

"Hospitali, mama. Kupimwa."

Mwanatumu alikaza masikio asikie atakachojibu yule mama ambaye machoni pake mwanawe hajapata kuwa na kasoro.  Bajaji ikapiga honi mara ya tatu.

"Umekula?" alisema Bi Zuleikha.

"Bado."

"Usile basi. Kama ni damu, huenda wakataka tumbo tupu."

Na mlango wa uani ukasikika ukifunguliwa.